Kabla ya Bali Kuna Menengai

Wewe uliye safarini, kwenye matatu ya Njoro au ya Marigat, mwombe dereva aongeze sauti kidogo, maana leo tutazungumza habari za kutembea. Sisemi kutembea kwa kazi, wala kwa harusi au msiba. Nasema kutembea kwa kutaka kuona.

Kila shule zinapokaribia kufungwa, vijana huniuliza swali lile lile. Tukiwa na akiba kidogo, mzee, twende wapi? Na kabla sijafungua mdomo, simu zimeshatoka mifukoni, naonyeshwa picha. Siku hizi picha hizo mara nyingi ni za Bali. Kwa asiyejua, Bali ni kisiwa cha Indonesia, nchi ya joto huko kusini-mashariki mwa Asia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi hii hii inayopiga fukwe za Malindi na Lamu. Katika picha kuna mlima mweusi, kuna ziwa chini yake, jua linachomoza, na watu wameketi juu ya mawe wamejifunika blanketi, nyuso zimekunjuka kwa furaha. Mlima huo unaitwa Batur.

Mimi sina neno baya juu ya Bali. Mwenye uwezo na aende, aone, arudi atusimulie. Ila leo naomba tuitazame picha hiyo pamoja, polepole, kwa sababu inatuhusu sisi watu wa Nakuru kuliko tunavyodhani.

Batur ni nini? Ni volkeno. Zamani sana mlima mkubwa ulilipuka hapo, ukamwaga mawe yaliyoyeyuka yaliyokuwa tumboni mwake, na ulipobaki mtupu, sehemu yake ya juu ikadidimia. Likabaki shimo pana, kama kilomita 13 kwa 10, lenye kuta za mwamba kuzunguka. Wataalamu huliita kaldera. Ndani ya shimo ukainuka mlima mwingine mdogo, na ziwa likajaa pembeni. Ardhi ya pale bado ina moto. Mvuke unatoka kwenye nyufa za mawe, na waongozaji wa vijiji vya chini huyaivisha mayai kwa mvuke huo, wakawapa wageni staftahi alfajiri pale pale kileleni.

Sasa niwaulize. Shimo lenye kuta za mwamba, mawe meusi, mvuke unaotoka ardhini: kuna mtu wa Nakuru anayesikia maelezo haya asikumbuke jina lolote?

Menengai, wasikilizaji. Menengai iko hapo juu yetu. Nayo ni kaldera vilevile, urefu wake kama kilomita 12, upana kama 8, na kutoka ukingoni hadi sakafuni ni karibu nusu kilomita. Basi tunazungumzia vitu viwili vya ukoo mmoja, na hata kwa ukubwa havijapishana sana. Lakini kile cha Bali kijana wetu anakijua kwa jina na kwa picha, na hiki kilicho mwisho wa barabara ya kwao hajawahi hata kukichungulia. Nimekutana na watu waliozaliwa katika mji huu, wakasoma hapa, wakaoa hapa, na hawajafika Menengai hata mara moja. Na si kwa kukosa nauli.

Tujiulize basi, Batur imejulikanaje duniani? Sikilizeni kisa hiki. Mwaka 1926 mlima ule ulilipuka, ukafukia kijiji cha Batur pamoja na hekalu lake. Wenyeji walionusurika wakapanda hadi ukingoni mwa kaldera, wakaanza maisha upya, na hekalu wakalijenga tena huko juu. Linasimama hadi leo. Mgeni akifika anasimuliwa habari hiyo, na mara nyingi anayemsimulia ni mtu wa vijiji vile vile. Mwaka 2012 UNESCO iliitambua Batur kuwa hifadhi ya kijiolojia, lakini UNESCO ilikuta wenyeji wanaupanda mlima wao, wanaujua jiwe kwa jiwe, na wanaweza kuueleza.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Mahali huanza kutembelewa na wageni pale wenyeji wanapokuwa wamepatembelea kwanza. Wenyeji kwanza. Nitalirudia neno hili mara kadhaa, mnivumilie.

Haya, tupande Menengai. Ukiiacha mijakaranda ya mtaa wa Milimani na nyumba za mwisho, barabara inaingia msituni na kuanza kupanda. Mwenye haraka atachukua boda boda. Mimi nawashauri mwende kwa miguu, asubuhi, mkiwa kundi, maana ule mwinuko unafundisha kitu ambacho pikipiki haifundishi: kwamba mji wetu umejengwa kwenye ubavu wa volkeno. Tazama changarawe unayokanyaga, ile nyepesi yenye vitundu. Ile ilirushwa kutoka huko juu.

Ukikaribia ukingo utausikia upepo kwanza. Kisha ardhi inakatika. Chini kabisa unaona mawe meusi yaliyomwagika yakaganda pale yalipofika, mengine yamekunjamana bado, na vichaka vimeota kwenye nyufa palipopata udongo kidogo. Huku na huku mvuke mweupe unapanda. Sasa geuka nyuma. Mji wote uko mbele yako, na ng'ambo ya mji ni Ziwa Nakuru. Umesimama kwenye ukuta kati ya moto na maji, na vyote viwili ni vya kaunti yako. Kukiwa hakuna ukungu, ukitazama upande wa kaskazini macho yanaweza kufika hadi Ziwa Bogoria.

Wazee wana mengi ya kusimulia juu ya shimo lile. Wapo wanaosimulia vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 19, Wapurko na Walaikipia, na mashujaa walioangamia pale. Wapo wanaoogopa hata kulitaja usiku. Na wapo wanaoshuka humo hadi leo kufunga na kuomba mapangoni. Ukitaka mazungumzo haya yakae vizuri masikioni mwa watoto, nenda nao pamoja na babu au bibi yao, mketi pale ukingoni, mfungue chupa ya chai, halafu mumwulize mzee swali moja tu. Mtashuka jua likiwa limezama.

Kisha waonyeshe ule mvuke. Tangu mwaka 2011 Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi, ile tunayoiita GDC, imekuwa ikichimba visima ndani ya kaldera. Mvuke huo hutoka kwenye maji yaliyochemshwa na miamba ya moto huko chini sana. Mwaka 2023 mtambo wa kwanza wa umeme, wa megawati 35, ulianza kufanya kazi pale. Na si umeme peke yake. GDC imeonyesha kwamba joto lile lile linaweza kuchemsha maziwa, kupasha moto vibanda vya kukuzia mboga, kupasha joto mabwawa ya samaki, hata kufua na kukausha nguo. Mama unayenisikiliza ukiwa jikoni, hebu fikiria: dobi anayetumia moto wa volkeno. Ni wangapi kati yetu tulijua kwamba jambo hilo limefanyika Menengai? Mgeni akituuliza kuhusu mlima wetu, tungemwambia hilo, au tungemwambia tu kwamba kuna shimo kubwa?

Neno moja la tahadhari kabla hatujaendelea. Ukingo wa Menengai hauna msamaha. Usiende peke yako, usikaribie ukingo kwa ajili ya picha, na usishuke sakafuni bila mtu anayezijua njia. Watu wamepotea mle ndani mchana kweupe.

Tushuke sasa hadi ziwani.

Wengi wetu wa umri wangu tulilijua Ziwa Nakuru kwa rangi ya waridi. Rangi hiyo ilikuwa ya ndege, heroe, au flamingo kama tulivyozoea kuwaita, walioufunika ukingo mzima wa maji. Shule zilikuja na mabasi kutoka mikoa yote. Leo mtu akiingia mbugani asione rangi ile, anatoka amenuna, anasema Nakuru imekwisha, hakuna tena cha kuona.

Mimi sikubaliani naye hata kidogo, na naomba nieleze kwa nini.

Flamingo hakuwa mali ya Nakuru. Wale wadogo, ambao ndio wengi, huzaliana hasa Ziwa Natron, upande wa Tanzania, kisha huzunguka katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa wakitafuta chakula. Chakula chao ni viumbe vidogo mno vya majini, mwani, ambao hustawi maji yakiwa makali kwa magadi. Maji yakipungua sana, chakula kinakwisha. Maji yakizidi, magadi yanazimuliwa, chakula kinapungua vilevile, na flamingo anahama. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa letu lilikauka kiasi kwamba upepo ulikuwa ukiinua vumbi la magadi. Tangu mwaka 2010 hivi mambo yakageuka: maji yakapanda, yakapanda tena, yakameza lango kuu la zamani na ofisi zake, yakaingia hadi kwenye miti. Ukienda leo utaona migunga mirefu imekufa ikiwa imesimama majini, myeupe, na mnandi wametua kwenye matawi yake.

Na maji hayakuishia mbugani. Watu wa Mwariki na Barut wanajua. Wapo waliolala wakiwa na shamba, wakaamka wakiwa na ziwa. Kwa hiyo tunapokwenda kutazama maji yale, tusiyatazame kama pambo. Jirani zetu wamepoteza nyumba pale. Mvua kubwa zimechangia, na kukatwa kwa miti katika milima inayolisha mito ya ziwa, hasa Mau, kumechangia pia kwa kuleta udongo na maji ya ghafla. Na ziwa lenyewe halina mto wa kutokea. Likipokea, limepokea.

Nasema hivi: mtoto wa Nakuru akipelekwa ziwani akaelezwa haya akiwa anayaona kwa macho, atakuwa amejifunza hali ya hewa kuliko kwa vitabu vingi. Na bado hujamwonyesha kifaru, mweusi na mweupe, ambao mbuga ile imewahifadhi tangu miaka ya 1980. Hujamwonyesha twiga walioletwa mwaka 1977. Hujampeleka kwenye maporomoko ya Makalia, wala kwenye msitu wa euforbia mirefu iliyo mithili ya vinara vya mishumaa, wala pale juu kwenye jabali la nyani, mahali ambapo mbuga nzima huonekana. Jambo moja mwambie mapema asije akalia: ndovu hakuna. Mbuga imezungushwa ua, ni ndogo, na ndovu hawamo.

Raia wa Kenya analipa kiasi kidogo sana kuliko mgeni kutoka nje, ila pesa taslimu hazipokelewi langoni. Unalipa kwa mtandao kabla, unafika na risiti kwenye simu. Mkiwa kumi na wanne mkakodi matatu ya siku nzima, mkagawana gharama, mtashangaa jinsi inavyowezekana. Akina mama wa vyama vya hapa mjini wamefanya hivyo kwa pesa za merry-go-round, na walirudi wakiimba.

Mnanifuata bado? Haya. Wenyeji kwanza.

Karibu na barabara ya kwenda Nairobi, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, kuna kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, kilima cha pimbi. Matatu zinapita chini yake mchana kutwa. Mwaka 1937 Mary Leakey, akiwa bado mwanamke kijana, alianza kuchimba pale, akakuta makaburi na mabaki ya watu walioishi hapo maelfu ya miaka iliyopita, na mashimo ya wafugaji wa baadaye, yale yanayoitwa ya Sirikwa. Mwaka 1943 mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na tangu 1965 pana makumbusho madogo katika nyumba iliyokuwa ya shamba.

Lakini ningekuwa mimi ndiye ninayewapeleka watoto, nisingeanza na makumbusho. Ningewapandisha moja kwa moja mpaka kwenye mwamba wenye vishimo. Vishimo vimechongwa kwenye jiwe, safu kwa safu, vya duara, vimelainika ndani kwa kuguswa. Ni bao. Mchezo huu huu wa bao, au ajua kama wanavyouita ndugu zetu wa Nyanza, ambao wazee wanaucheza kivulini hadi leo. Mtu fulani aliketi pale, akapiga jiwe kwa jiwe mpaka shimo likaingia, akamwita mwenzake, wakacheza huku wakitazama ziwa. Okoteni kokoto, chezeni pale pale, kwa adabu, bila kukwaruza jiwe. Hakuna kioo kinachokutenga na watu wale.

Ukiendelea na barabara hiyo hadi karibu na Gilgil kuna Kariandusi, ambako Louis Leakey alikuta mashoka ya mawe ya watu wa kale mno, mengi mno, na mengine yameachwa yalipolala chini ya paa ili uyaone mahali pake. Upande wa pili wa mji, kule Ngata kwenye barabara ya Njoro, kuna kasri la Lord Egerton, vyumba 52, lililoanzwa mwaka 1938, likasimamishwa na vita, likamalizika 1954. Huko watasimulia habari za mapenzi yaliyokataliwa, na wageni wanazipenda. Mimi ningependa zaidi kusimuliwa habari za mafundi na vibarua waliochonga yale mawe, ambao wajukuu wao huenda wananisikiliza sasa hivi. Hao nao ni wenyeji, na hadithi yao nayo inastahili chumba kati ya vile 52.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, mahali ambapo, kwa maoni yangu, pana mengi kuliko kwingine kote. Twende Bogoria.

Unapanda gari la Marigat hapa Nakuru. Unapita Mogotio, unavuka mstari wa ikweta, joto linaanza kuongezeka, na kando ya barabara unaona chupa za asali zimepangwa juani. Kabla ya Marigat unakata kulia kuelekea Loboi. Ziwa Bogoria ni la magadi, limebanwa chini ya ukuta mrefu wa milima, na miaka hii ya maji mengi flamingo wamekuwa wakipata hifadhi pale Nakuru inapowanyima. Mwaka 2011 Bogoria, Nakuru na Elmenteita yaliandikwa kwa pamoja katika orodha ya Turathi za Dunia. Kwa pamoja, kwa sababu ndege ni wale wale na bonde ni lile lile.

Ukingoni mwa Bogoria maji yanachemka. Sisemi yana uvuguvugu. Yanachemka na kuruka juu, yanatoa harufu ya kiberiti, na mvuke unakugusa usoni ukiwa bado hatua kadhaa. Watu hununua mayai, wakayatia kwenye kikapu kidogo chenye kamba au mti mrefu, wakayatumbukiza, na baada ya muda mfupi wanamenya na kula kwa chumvi waliyotoka nayo nyumbani. Mnakumbuka mayai ya Batur? Haya hapa ya kwetu. Lakini mshike mtoto mkono. Udongo wa kando ya chemchemi ni mwembamba, na maji yale yamewahi kuunguza watu vibaya. Na muulizie njia kabla ya kwenda, maana maji yalipopanda baadhi ya chemchemi zilifunikwa na barabara ya kando ya ziwa ikazama.

Nimekuwa nikisema wenyeji kwanza, wenyeji kwanza. Pale Bogoria lazima tuulize: wenyeji ni akina nani? Ni Waendorois. Ardhi ile ilikuwa ya malisho yao, ya mizinga yao ya nyuki, ya dawa zao na ya ibada zao. Katika miaka ya 1970 serikali ilipoifanya hifadhi ya wanyama, waliondolewa. Wakadai haki yao miaka mingi, kesi ikafika mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 ukatangazwa uamuzi kwamba walidhulumiwa, na kwamba wanastahili kurudishiwa ardhi yao na kulipwa fidia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tume hiyo kutambua kwa namna hiyo haki ya jamii ya asili juu ya ardhi yake, na uamuzi huo unasomwa na wanafunzi wa sheria duniani kote. Utekelezaji umekwenda kwa mwendo wa kinyonga, na hilo ni jambo linaloniuma.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Nakuru, ukifika Bogoria wewe ni mgeni. Beba ugeni wako vizuri. Tafuta mwongozaji wa Loboi au wa vijiji vya jirani, mlipe bei mliyopatana bila kumpunja, umwulize ziwa lile lilikuwa nini kwa bibi yake. Mayai nunua kwa mama wa pale. Asali nunua kwa aliyeirina. Usiende na kila kitu kutoka supamaketi ya Nakuru, ukala, ukapiga picha, ukaacha chupa za plastiki ukarudi. Safari ya namna hiyo haimfai mtu, na mwenyeji anabaki na takataka tu.

Na ukiwa na siku ya pili, endelea mpaka Kampi ya Samaki kwenye Ziwa Baringo. Hilo ni la maji baridi, na maji yake nayo yamepanda mpaka hoteli na zahanati zikaingiliwa, hata wataalamu wakahofia kwamba Baringo na Bogoria yangekuja kukutana. Kule ndiko twiga walikwama kwenye kisiwa kilichokuwa kinapungua kila mwezi. Kati ya mwisho wa 2020 na 2021 wenyeji wakishirikiana na wahifadhi na shirika la wanyamapori, KWS, walitengeneza chelezo kubwa la chuma lenye kuta, wakawapakia twiga, wakawavusha ziwa lenye mamba hadi hifadhi ya Ruko, hifadhi iliyoanzishwa na Wapokot na Wailchamus, jamii mbili zilizokuwa zikipigana. Nenda kawaulize wenyewe jinsi twiga anavyoshawishika kupanda chombo. Wanasimulia vizuri kuliko ninavyoweza mimi.

Naivasha sitakaa nayo sana, kwa kuwa wenzetu wa Nairobi wameshaijua, na tangu mbio za magari za Safari Rally zirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 barabara hujaa kila mwaka. Mlima Longonot upandeni, mita 2,776, bebeni maji ya kutosha. Hell's Gate ni mahali pazuri pa baiskeli, unapita kati ya pundamilia bila gari. Ila lile bonde jembamba la chini, mvua ikinyesha hata mbali, hujaa ghafla. Watu saba walikufa humo Septemba 2019. Askari wa mbuga akisema leo hakushukwi, msibishane naye.

Mtaniuliza, sasa Menengai inakosa nini ili iwe kama Batur? Nitasema kwa kifupi ninavyoona. Inakosa njia ya miguu iliyowekwa alama kutoka mjini. Inakosa vyoo safi pale ukingoni. Zaidi ya hayo inakosa kundi la vijana waliofunzwa, wanaotambulika, wenye bei inayojulikana, ambao mgeni akishuka stejini anajua atawapata wapi. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021. Jiji lenye volkeno mlangoni na ziwa miguuni lingeweza kuwapa vijana hao kazi bila kuwapeleka ng'ambo. Wapo tayari wachache wanaofanya kazi hiyo kwa moyo, wanajua ndege, wanajua mawe, na siku nyingi wanarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu sisi wenyewe hatuwaiti. Wewe uliyekuwa ukipanga kumpeleka mkeo mahali mwezi ujao, mwite mmoja wao. Mwalimu unayepanga safari ya darasa, mwite.

Muda wangu unakaribia kwisha, basi niwaombe kitu. Natafuta watu wanaozijua njia za zamani za miguu, zile za kuchunga mbuzi na za kwenda shule, kutoka Milimani na Bahati mpaka ukingoni mwa Menengai, na kutoka Solai upande wa pili. Natafuta pia wanaojua mahali ambapo sijapataja leo, huko Subukia, Rongai, Molo na Kuresoi. Andikeni jina la mahali, mnafikaje, nauli ni ngapi, na nani pale anaweza kumpokea mgeni. Leteni maandishi yenu hapa stesheni, nami nitayasoma hewani wiki ijayo, saa kama hii.